Mbao Zilizokaukia Ukunguni

Wapendwa, kabla sijaanza, niruhusuni nishike mgongo wa kiti hiki. Si pombe, maana pombe huu ni mwezi wa nane sijaigusa. Ni aibu tu.

Mimi ni mtoto wa milimani. Mama alinilea peke yake kwa shamba la kahawa na migomba. Nikapata nafasi ya kusoma Urusi. Chuo nilikimaliza kwa kujivuta, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwa babu mmoja wa kijiji cha huko Urusi, mchonga mbao. Likizo zote nilikuwa kwake. Alichonga viti vyenye majogoo na maua mgongoni, makabati, na vitu vya kuchezea watoto: dubu wawili wanaogonga nyundo kwa zamu, na kuku waliosimama juu ya kibao, chini kuna uzito unaning'inia kwa kamba. Ukizungusha kibao, kuku wanadonoa. Mtu mzima na ndevu zake, anachonga kuku! Nilimpenda yule mzee kuliko walimu wangu wote.

Nikarudi. Nyumbani walimngoja injinia, wakampata seremala mwenye patasi za Kirusi. Chekeni tu, ndugu zangu.

Akatokea mtu mwenye nyumba ya wageni hapa Same. Alitaka vitanda, viti na milango, vyote kwa nakshi ya Kirusi. Nilihitaji magogo, nikamwomba mama auze shamba. Hakubisha. Aliuliza jambo moja: "Nikifa utanizika wapi?" Nikamwambia, "Mama, kazi ikiisha tu tunalikomboa."

Mbao nilizikaushia kule kule juu, chini ya upenu wa nyumba yetu, ambayo mnunuzi alituachia kwa muda, mwaka mzima. Babu wa Urusi alikausha upenuni, na mimi nikakausha upenuni. Nilipozishusha mjini, fundi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kihurio huku tambarare, alizigonga kwa vidole, akazinusa.

"Fundi, hizi bado," akasema. "Zimekaukia ukunguni. Ziache huku chini kiangazi kimoja, zizoee joto, ndipo uchonge."

"Mzee, mimi nimejifunzia Urusi."

Ndivyo nilivyomjibu. Hata shikamoo sikuwa nimempa.

Nilichonga miezi minne. Uongo dhambi, kazi ilipendeza, watu walikuja kupiga nayo picha. Kisha kiangazi kikaingia na ule upepo wetu wa tambarare. Mchana mmoja mwenye nyumba ya wageni akanipigia simu: "Fundi, njoo usikilize vitanda vyako." Nikasimama kwenye korido. Mbao zilikuwa zinapasuka, ta! ta! chumba hadi chumba. Jogoo mmoja alikuwa amechanika kuanzia upanga wa kichwa mpaka mkiani. Milango ilipinda, ikakataa kufungika. Vyote nilirudishiwa, na majirani wakavifanya kuni.

Muda wa ile nyumba ukaisha, mama akashuka kuishi na mimi kwenye chumba cha kupanga. Mtu wa ukungu, anashinda chini ya bati la Same! Hakunilaumu hata siku moja, na ndugu zangu, nawaambia, hilo ndilo lililonimaliza. Nikawa nakunywa gongo tangu asubuhi. Patasi zikashika kutu.

Macho ya mama yakaingia mtoto wa jicho. Siku moja akaniambia, "Nichongee wale kuku ulionisimulia." Ubao sikuwa nao. Nikaenda kwenye shamba la mkonge, nikaomba mlingoti mkavu, ule mti mrefu mwepesi unaochomoza mkonge unapozeeka. Kwa mikono ya mlevi nikajikata mara mbili. Siku ile sikunywa, nilitaka nimalize. Kesho yake vile vile. Nilipompa, akazungusha, tok, tok, tok. Kisha akawapapasa mmoja mmoja, shingoni na mgongoni.

"Hawa hawajapasuka," akasema.

Tangu hapo sijanywa. Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mama alifariki baada ya miezi miwili. Nikapanda mlimani kwa aliyenunua shamba, nikapiga magoti, nikaomba nafasi ya kaburi tu. Alinikatalia kwa upole: "Kaburi halihamishiki, ndugu yangu, na mimi nina watoto." Alikuwa na haki. Mama amelala makaburi ya mjini, kwenye vumbi la moto, katikati ya watu asiowajua.

Nawashukuru ninyi mliopokezana kukaa na mimi wiki ile ya msiba ili nisitoke kwenda kunywa. Namshukuru yule mzee wa Kihurio, aliyelitengeneza jeneza bila kuniuliza neno. Sasa nachonga kuku wa mkonge, watoto wanawapenda. Shamba sitalipata tena, najua.

Nikiwa na somo ni hili. Kama mama yako bado ana shamba lake, na yuko tayari kuliuza kwa ajili yako, mkatalie. Wangu alikubali kwa sababu alinipenda, na mimi nikapokea.