Sakafu Iliyoona Kiu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya ujenzi, mafundi wetu, wazazi wetu, na wanafunzi wenzangu mliobanana kule madirishani: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi.

Kabla hatujafungua maktaba hii, Mwalimu Mkuu ameniagiza niwaeleze maneno ya ujenzi tuliyojifunza tulipokuwa tukiwasaidia mafundi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiyaandika. Sauti yangu ni ndogo, mlio nyuma mnisamehe.

Msingi ni sehemu ya nyumba iliyokubali kuzikwa ili nyingine zionekane. Timazi ni uzi wenye chuma kizito mwishoni, unaoning'inizwa kando ya ukuta kuonyesha kama umesimama wima. Fundi mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Bi Timazi, hufumba jicho moja akautazama uzi ule, na tofali likitoka nje hata kwa unene wa ukucha, husema, "Hili limelewa. Litoeni." Lenta ni mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, ukabeba uzito usiyaangukie. Na kenchi, zile mbao za pembetatu zinazoshika bati, zilipopandishwa niliziona kama mifupa ya ndege mkubwa anayefikiria kuruka.

Limebaki neno moja: jamvi, hii sakafu ya zege mnayoikanyaga. Je, mnadhani zege huwa gumu kwa kukauka? Mimi nilidhani hivyo, na Bi Timazi akanicheka.

"Mwanangu, zege halikauki, linakomaa. Siku saba linywe maji. Likiona kiu mapema, linapasuka."

Basi tukalizungushia tuta la mchanga, tukamwaga maji yakasimama, na kila jioni mmoja wetu akawa na zamu ya kuongeza, kisha kuweka alama ya vema kwenye daftari. Ijumaa tulitakiwa kujaza hadi juu, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili shule hufungwa. Ijumaa hiyo zamu ilikuwa yangu.

Nilikaa ukingoni na kitabu. Mawingu yalikuwa yakipita ndani ya maji, taratibu, kama yanayotafuta pa kulala. Kuta hazikuwepo bado, lakini mimi niliziona: rafu zimefika juu, mwanga umelala mezani, mtu anafunua ukurasa kwa kidole kimoja. Kengele ilipolia niliondoka nikiwa bado ndani ya chumba ambacho hakikuwepo. Ndoo niliiacha pale pale, imejaa.

Jumatatu jamvi lilikuwa kavu, na ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetoka hapa mlangoni hadi usawa wa dirisha la pili. Kabla daftari la zamu halijaitishwa, niliweka alama ya vema kwenye Ijumaa. Mjumbe mmoja akalipekua, akasema, "Vema tupu, maji hayakukosekana. Basi saruji imeliwa."

Bi Timazi alijibu tu, "Mimi najua nilichochanganya," akaokota mwiko wake, akarudi kazini.

Waheshimiwa wajumbe, mchana huu mnakaa kumchagua atakayejenga bweni, na nimesikia kwamba jina la Bi Timazi limeshaondolewa kwa sababu ya ufa huu. Saruji haikuliwa. Sakafu iliachwa na kiu kwa sababu mimi nilikuwa naota, na ile alama ni uongo wangu.

Bi Timazi, umekaa karibu na mlango kama mtu aliye tayari kuondoka. Tafadhali subiri kidogo. Najua ulijua. Asubuhi ile uliitazama ndoo, ukanitazama mimi, kisha ukasema, "Nenda darasani, mwanangu." Nilikwenda. Nimekaa darasani miezi mitano na sijawahi kusoma ukurasa mmoja kwa amani. Nisamehe.

Siombi nisiadhibiwe. Ninachoomba, wajumbe, ni kwamba mtakapoutaja ufa huu mezani, mtaje jina langu, na jina lake mlitaje kwa kuta hizi, ambazo zimesimama wima.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.