Kidole Kilichonyooshwa

Sogeeni wajukuu zangu, na wewe wa karanga acha kutafuna. Bu Lasmi, yaani Mama Lasmi, aliuza kahawa huko Jawa, kando ya mashamba ya miwa, na benchi lake la mianzi lilikuwa na wenyewe: Pak, yaani Mzee, Masharubu na Pak Karafuu, huyu akiitwa hivyo kwa sigara zake za karafuu. Mumewe, Wagiman, alipakiwa na wageni kwenye lori mwaka ule watu walipokuwa wakichukuliwa, asirudi. Kisasi hakukitaka. Alitaka tu kujua kabla hajafa: nani aliwaonyesha wageni wale mlango wake? Lakini huko kwao kumtaja mtenda usoni pake ni kukosa adabu. Unasema tu jambo limetendwa, basi, mnaendelea kunywa.

Siku hiyo alikuwepo mkwewe mpya, Togar, mume wa bintiye, Mbatak wa Sumatra, kabila la watu wasiozungusha maneno.

— Lori lilisimama hapa, Masharubu akamweleza. Nyumba ikaonyeshwa, mzee akaitwa, akapandishwa.

— Ilionyeshwa na taa, Karafuu akadakia. Yake tu ndiyo iliyowaka.

— Taa ya mafuta gani, we Karafuu, na njaa ile? Mbwa wake alibweka!

— Mbwa alishaliwa zamani!

— Basi mzimu wa kisimani. Ulivaa kofia ya Wagiman, ukalitangulia lori.

— Mzimu na kofia! Karafuu akacheka, huku akiipaka sigara yake mashapo ya kahawa kwa njiti, kama kawaida yake. Miwa yenyewe, akasema, iliinama kuelekea nyumbani kwa Wagiman. Niliiona kwa macho haya, nimesimama na wale watu.

Bu Lasmi aliyekuwa akicheka kwa mdomo tu, akaacha.

— Ulisimama nao ukifanya nini, Pak? Togar akauliza.

Masharubu akatazama miguu yake. Karafuu akachovya tena njiti kwenye mashapo.

— Nilisimamishwa, mwanangu.

— Na mlango?

— Kidole... kidole kilinyooshwa.

Bu Lasmi akakichukua kikombe cha Karafuu taratibu, mkono wake ukagusa ule mkono ulioonyesha mlango. Miaka yote ile alikuwa akiutilia sukari.

— Kahawa imekwisha, Pak, akasema. Nyuma yake birika lilikuwa likitokota.

Bu Lasmi alipokufa, birika alilirithi bintiye Tumini. Benchi alilirithi Togar. Masharubu alirithi kukaa peke yake, kwani Karafuu hakurudi tena. Kikombe cha Karafuu hakuna aliyekitaka. Kiko rafuni hadi leo, mashapo yamekaukia ndani.