Washenga Niliowafukuza Nyumbani Kwangu

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Mama mwenyekiti kaniambia, "Fundi, umekaa kimya vya kutosha, leo simama useme." Haya, nimesimama. Miguu inatetemeka, lakini safari hii si pombe, ni aibu tu.

Mie ni seremala, natengeneza milango huko Tegeta. Nilianza kama wengi wenu, bia mbili baada ya kazi. Bia ikawa gongo, na jioni ikawa asubuhi. Nilikuwaga nakunywa kwenye kikombe cha chai ili mikono itulie nishike randa. Mnacheka, eh? Mnaijua hiyo! Wateja wakaanza kunifuata nyumbani, kila mtu anadai mlango wake, na mie jibu langu lilikuwa moja: rangi haijakauka, rudi wiki ijayo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Binti yangu, ni mwalimu, alipata mchumba. Akaniambia mapema, "Baba, Jumapili saa nne washenga wanaleta barua ya posa. Nakuomba, siku hiyo moja tu." Nikamwapia. Jumapili nikaamka nikapita kwa jirani anayeuza gongo, nikasema natuliza mikono tu. Niliporudi nikakaa kibarazani, mara naona wazee watatu wamevaa suti wanaingia getini, mmoja kashika bahasha.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, posa haikuwepo kabisa kichwani mwangu. Niliona wateja. Nikawapigia kelele: "Mlango wenu haujakauka! Mmekuja watatu kunitisha?" Yule mwenye bahasha akasema taratibu, "Mzee, sisi ni wageni wa heri." Nikamwambia hiyo heri akaitafute kwa fundi mwingine. Nikanyanyua stuli. Wakaondoka.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kavaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Washenga atawapokea mjomba. Na kwenye sendoff, siku ya kuniaga, mjomba ndiye atakayenishika mkono kuniingiza ukumbini. Wewe usije, baba." Nikajifanya sijasikia, nikaenda kunywa.

Basi wazee wakabembelezwa, wakapokelewa kwa mjomba, shemeji yangu. Kamati ya sendoff ikaundwa. Vikao vinafanyika, na mie baba mzazi nasikia habari dukani! Siku moja nikamsikia mke wangu kwenye simu anasema: Jumamosi saa kumi, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Jumamosi ilipofika nikasema, leo ndio leo. Nikaja hapa nimelewa, nikausukuma mlango wa kwanza niliouona. Watu wamekaa duara, viti vya plastiki, chupa ya chai, mmoja ana daftari. Kamati kabisa! Nikafoka, "Mnapanga sherehe ya mwanangu bila mie?"

Mama mwenyekiti wala hakushtuka. "Karibu baba, kaa. Zamu yako itafika."

Nikakaa, nasubiri jina la binti yangu litajwe nianzishe vita. Akasimama bwana mmoja, akaeleza alivyolala mtaroni siku ya msiba wa mama yake. Nikawaza, hii kamati gani? Akafuata dada mmoja, akasema wanawe walikuwa wakisikia geti linafunguliwa wanajificha. Hapo nikaelewa nimeingia kwa watu wanaopambana na pombe, nikataka kutoka. Nikashindwa, maana yule dada alikuwa anaisema nyumba yangu. Zamu yangu ilipofika nilisema neno moja tu, "Washenga," nikalia kama mtoto mchanga.

Tulipotoka, kamati yenyewe nayo ilikuwa inatoka ukumbi wa pili. Mke wangu akaniona natokea chumba hiki. Tulipofika nyumbani alinitengea chakula, jambo alilokuwa ameshaliacha.

Msidhani ikawa rahisi. Wiki ya kwanza nilitetemeka mpaka wakanilaza hospitali. Mwezi wa pili nikaanguka, nikanywa siku mbili, nikarudi hapa nimenuna, mkanipa chai. Mama mwenyekiti akawa ananipigia kila asubuhi: "Fundi, umeamkaje?" Jamani, nilimchukia! Lakini nilipokea. Nikamaliza milango ya watu, mmoja baada ya mwingine. Nikawafuata wale wazee watatu, nikawapigia magoti. Kwa binti yangu niliomba msamaha, basi, sikumwomba anirudishie nafasi yangu.

Siku ya sendoff mke wangu aliniombea ruhusa, nikakaa meza za nyuma na majirani. MC akamwita mjomba amlete binti. Shemeji akainuka, akaja moja kwa moja mpaka mezani kwangu. "Shemeji, anakutaka wewe. Nenda."

Nilimkuta mlangoni. Akanishika mkono, akanisogelea kama anayeninusa. Akasema, "Baba, leo unanukia sabuni." Nikashindwa kupiga hatua. Yeye ndiye aliyenivuta tukaingia.

Namshukuru mke wangu, ambaye angekuwa na sababu zote za kuondoka. Namshukuru shemeji, aliyekubali kurudi kukaa ili mie nisimame. Mama mwenyekiti, endelea kunipigia, nitapokea. Na nyie mliokuja leo mara ya kwanza, msisubiri kwanza muache pombe ndipo mje. Mie nilikuja nimelewa na matusi mdomoni, mkanivumilia. Sijapona, nawaambia wazi, hamu bado inanijia, na kila ikija naikatalia. Kila Jumamosi saa tisa na nusu niko hapa napanga viti. Anayeona aibu kuingia peke yake anikute, tutaingia wote.