Kabla ya Kuiita Tasa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu unayestaafu leo huku ukitazama saa:

Nimeombwa nieleze sifa za mstaafu. Naomba nianze na sifa za namba 510,511.

Zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba, kisha ongeza moja, utaipata. Igawe kwa yoyote kati ya hizo, itabaki moja. Kwa hiyo mwaka fulani watunga mtihani, watu wenye shahada zao, waliridhika kwamba hiyo ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Majibu yakapigwa mhuri.

Tukiwa ukumbini tunasahihisha, jirani yangu wa meza, huyu huyu mnayemwona, akainuka na karatasi ya mtahiniwa.

"Huyu kasema si tasa."

"Mpe sifuri," akajibu msimamizi.

"Siwezi. Kaigawa kwa kumi na tisa."

"Mama, majibu yalishapitishwa."

"Na kugawanya nako kulishapitishwa, kabla hatujazaliwa."

Akaenda ubaoni. Kumi na tisa ikaingia mara 26,869, hakikubaki kitu. Akaendelea, ingawa hakuna aliyemwomba: hiyo nayo ni tisini na saba mara mia mbili sabini na saba. Msimamizi akaulizia chai.

Tukarudia karatasi zote. Wenzetu walimnunia mpaka kazi ikaisha, na mwaka uliofuata hakuitwa tena kusahihisha. Je, alilalamika? Hata kidogo.

Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza, "Dada, makelele yote yale kwa alama mbili?"

Akasema, "Ukweni wananiita tasa tangu niolewe, na hakuna aliyewahi kutupeleka kwa daktari, si mimi wala mume wangu. Neno hilo mtu asilitamke kabla ya kuhakikisha."

Nikambebea mkoba.

Jioni hiyo alimwambia mumewe maneno yale yale. Shemeji akaenda kupimwa, jambo ambalo wanaume wengi humu ndani tungelikwepa kwa visingizio vya kazi. Tatizo lilikuwa lake, likatibiwa. Ameniruhusu niliseme, kwa sharti nisilirefushe. Binti yao yuko mstari wa pili. Anasomea sheria, hisabati haitaki hata kuisikia.

Ndugu zangu, yule mtahiniwa hatukumjua, wala yeye hatujui. Leo ni mtu mzima mahali fulani. Aliandika kweli akapewa haki yake, na akadhani ndivyo dunia ilivyo. Hajui kwamba kuna mtu alisimama.

Basi nasi tumsimamie huyu dakika moja, kisha tukale. Asanteni kwa kunivumilia.