Mkanda wa Nne Kabla ya wa Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, fundi umeme kwa kazi, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Dada tu na chuoni alikofundisha wanafunzi wakamwita Mama Vipande, kwa jinsi alivyozichambua filamu kipande kipande, na naomba mnivumilie, maana kuna mahali nitapindisha mpangilio kwa ombi lake mwenyewe, ingawa baba mdogo ameshanionya kwamba msiba si ukumbi wa sinema.

Dada alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa sinema ambako marehemu baba yetu alikuwa mwendesha mashine ya filamu, akaanza shule ya msingi Januari 1964, na mwaka uliofuata, Jumamosi ya tarehe 6 Novemba, likatokea jambo lililomfanya awe yule mliyemjua. Filamu ya siku hiyo, iliyohusu maisha ya fundi cherehani, ilikuwa na mikanda minne, baba akapachika wa nne kabla ya wa tatu, basi fundi akafa, akazikwa, neno "Mwisho" likatokea, watu wakaanza kuinuka, ndipo baba akaona mkanda mmoja umebaki, naye hakuwa mtu wa kumpunja aliyelipa kiingilio, akauwasha, na marehemu akaonekana barazani kwake, mzima wa afya, anatunga uzi kwenye sindano. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na tangu siku hiyo mtaa ukambandika baba jina la Mfufua Wafu, akawa anacheka nao, lakini tuliolala chumba cha pili tulijua lilimkaa kooni. Dada peke yake, mwenye miaka minane, hakucheka, alipiga makofi.

Alimaliza sekondari mwaka 1974, akapata shahada ya kwanza mwaka 1980, akaajiriwa chuoni mwaka 1982 kufundisha uhakiki wa filamu, na tarehe 21 Juni 1991 akaitetea tasnifu yake ya uzamivu, iliyoichambua filamu ile ile kwa nadharia ya usasaleo, ambayo, kwa jinsi alivyonieleza mimi mtu wa nyaya, haikubali kwamba hadithi ina mpangilio mmoja tu ulio halali, wala kwamba ina mwenyewe mmoja. Watahini walimbana, wakasema filamu anayoichambua haipo, ni kosa la mtu wa mashine, naye akajibu kwamba kosa lilikuwa kosa, hakatai, lakini watu ukumbi mzima waliiona, wakaisimulia, wakaishi nayo, kisha akawauliza wao ni nani aliyelipatia kaburi haki ya kusema la mwisho. Baba alikuwa kiti cha nyuma, na koti lake la harusi, hakuelewa hata nusu ya maneno, ila alipotoka nje alinishika mkono akaniambia kwamba leo binti yake amemvua lile jina, na kweli sikumsikia tena akilinung'unikia.

Dada alistaafu mwaka 2017, akaanza kuumwa figo mwaka 2022, na hospitalini, akiwa amekonda lakini mdomo haujakonda, akaniagiza kwamba siku hii nikimaliza kifo nisikunje karatasi. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025, mimi na watoto wake tukiwa kando yake, na inaniuma kuliko ninavyoweza kusoma. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliolala nasi kwenye mikeka, na wahadhiri wenzake mliomchangamsha hadi akagombana nanyi kitandani.

Hapo ndipo huandikwa "Mwisho", na naona baadhi yenu mmeshaanza kuinuka, kaeni, umebaki mkanda mmoja.

Tarehe 17 Desemba 1983 Dada aliolewa na mkutubi wa chuo, mpole asiyeshindana naye kwa lolote, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1985 na wa kike mwaka 1988, na kila Jumapili jioni barazani kwao shuka jeupe lilitundikwa ukutani, baba akaja na mashine yake kuukuu, watoto wakagombania mkeka wa mbele. Basi ni Jumapili, shuka limechanika pembeni, baba anafuta vumbi kwenye lenzi, Dada amekaa kizingitini, miwani puani, anatunga uzi kwenye sindano, na shemeji anaita kutoka ndani kwamba chakula kinapoa, naye bila kuinua kichwa anasema anakuja.

Pumzika kwa amani, Dada, chakula tumekufunikia.