Mgongo Umeelekea Malindi

Mwaka ule wa El Nino maji yalikata barabara ya Garsen, tukavushwa kwa mtumbwi. Mbele yangu Kadra, mwanamke wa Kiorma mwenye mimba ya miezi saba, alimlalamikia mama mmoja wa Kigiriama aliyekutana naye hapo hapo.

"Nesi amenifundisha yoga. Napiga magoti, naweka mikono chini, nainua mgongo kama paka. Maumivu yamepungua. Lakini mama mkwe amenikuta juu ya mswala, nimeelekea Malindi. Anasema naswali kinyume."

"Si ugeukie kibla, mwanangu?"

"Nikigeuka anasema naswali bila udhu."

"Basi tia udhu."

"Halafu niswali sala gani, ya paka?"

Mimi nilitazama maji. Swali hilo halikuwa la abiria.

"Basi iache hiyo yoga yenyewe," mama akasema, kachoka.

"Ningeacha. Lakini leo asubuhi nimemkuta mama mkwe mwenyewe nyuma ya nyumba, magoti chini, mikono chini."

"Labda alikuwa anaswali."

Mtumbwi ukagusa ukingo. Kadra akashika kiuno, akainuka polepole. "Alikuwa ameelekea Malindi, mama."