Historia ya Marehemu Dada Yetu, Mama Glavu, Mpimaji wa Protini

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi mwaka 1978 hadi 1984, sekondari hadi 1988, na mwaka 1993 akapata stashahada ya maabara, akaajiriwa katika taasisi ya utafiti wa tiba. Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na fundi majokofu, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2006 alikabidhiwa mashine inayopima uzito wa molekuli na kutambua protini zilizomo katika tone la damu, na kwa kuwa hakumruhusu mtu yeyote kugusa sampuli kwa mikono mitupu, wenzake wakambandika jina la Mama Glavu, naye akalipenda.

Mwezi Oktoba 2012 mkuu wake alitangaza kwamba amegundua protini inayoonyesha ugonjwa wa figo, watu themanini na wawili wakaanzishiwa dawa, lakini dada alirudia kipimo mara tatu, akaona ni protini ya ngozi ya binadamu, iliyotoka mikononi mwa mkuu huyo alipokuwa akichezea vichupa vya sampuli bila glavu mbele ya wapiga picha, na ili asibishiwe akapima maji matupu yaliyoshikwa vivyo hivyo, nayo yakaonekana yanaumwa figo. Kwa ukweli huo aliambiwa hana adabu, eti mwenye stashahada hamsahihishi profesa, na Jumatatu tarehe 12 Novemba akahamishiwa stoo kugawa sabuni na karatasi. Miaka miwili baadaye taasisi nyingine ilipima ikapata jibu lilelile la dada, ripoti ya mkuu ikaondolewa kimyakimya, wagonjwa wakaachishwa dawa, na yeye akaachwa hukohuko stoo. Inatuuma, na hatuoni sababu ya kuficha.

Januari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Jumanne tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa stoo, waliompa heshima aliyonyimwa kule maabara. Mkuu wake, ambaye tunamwona safu ya pili, ameomba dakika mbili aseme machache, na familia imekataa, kwa maana alikuwa na miaka minane ya kuyasema dada akiwa na masikio ya kuyasikia.

Pumzika kwa amani, dada, kipimo chako kilikuwa sahihi.